Makali Hayako Kwenye Ngozi

Katika karakana za mbao za Kericho na Bomet, kuanzia Kapsoit hadi Litein, na kutoka Sotik hadi Silibwet, imeenea imani kwamba patasi isiyopigwa ngozi haijanolewa. Vijana wanaojifunza useremala kwa kutazama video kwenye simu wameipokea kama sheria. Wazee waliotengeneza milango, vitanda na madawati miaka nenda miaka rudi bila kipande cha ngozi mezani sasa wanaambiwa kwamba hawajui kunoa. Wauzaji wa vifaa nao wameona mwanya, na wanaagiza kanda za ngozi kutoka ng'ambo ambazo bei yake mara nyingi hulingana na bei ya patasi nzuri, na wakati mwingine huizidi.

Naipinga imani hiyo waziwazi. Ngozi haina siri yoyote katika kunoa patasi wala kisu cha randa. Kinachomalizia makali ni chembe ndogo za dawa ya kung'arisha, zikiwa juu ya kitu kilichonyooka na kisichobonyea. Karatasi ya gunia la chai, kipande cha saiprasi kilichopigwa randa, au kipande cha MDF kilichotupwa na mtengeneza makabati, vyote vinaifanya kazi hiyo, na kwa patasi vinaifanya vizuri kuliko ngozi. Tena kwa hali ya hewa ya huku kwetu, ngozi ndiyo kitu cha mwisho ambacho fundi angepaswa kukitafuta.

Suala hili lina uzito kwa sababu mbao tunazofanyia kazi zimebadilika. Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikadumu hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Katika kipindi hicho saiprasi ya msituni iliadimika na bei yake ikapanda, na fundi wa kawaida akageukia miti ya mashambani: grevilia inayopandwa mipakani, na mkaratusi, ule ambao wengi huuita blugamu, ambao makampuni ya chai yaliupanda kwa wingi ili kupata kuni za boila za viwanda. Wengi walioizoea miti hiyo hawajaiacha. Sasa mkaratusi si saiprasi. Ni mti mgumu, nyuzi zake hujipinda, na ukikauka unaumaliza ukingo wa patasi kabla hujatoboa matundu ya fremu moja ya mlango. Fundi anayelipwa kwa mlango, si kwa saa, anahitaji kurudisha makali mara nyingi kwa siku, haraka na bila gharama. Ukimwambia kwamba kila mara anahitaji ukanda wa ngozi kutoka Ulaya, umemwambia aendelee kutumia patasi butu.

Tuanze na kinachotokea pale jiweni. Unaposugua mshazari wa patasi juu ya jiwe la kunolea, chuma huliwa hadi kwenye ncha, kisha ule ukingo mwembamba kabisa hukosa nguvu ya kusimama na kukunjikia upande wa pili. Mkunjo huo hauonekani kwa urahisi, lakini unahisika. Pitisha kidole gumba kwenye upande bapa kuelekea nje ya ncha, kamwe si kwa urefu wa makali, na utauhisi ukikwaruza. Ukiuacha, patasi itakata vizuri mara mbili tatu, kisha mkunjo utakatika na kuacha ncha yenye mapengo. Ndiyo maana kunoa hakuishii kwenye jiwe. Lazima mkunjo uondolewe, na mikwaruzo iliyoachwa na jiwe ipunguzwe.

Mikwaruzo hiyo ina vipimo. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70, yaani sehemu 70 za elfu ya milimita. Chembe za msasa wa maji namba P2000, ule ambao mafundi wa kunyoosha bodi za magari huutumia kabla ya rangi, zina ukubwa wa mikroni 10 hivi. Dawa ya kijani inayouzwa kwa miche, ambayo kiungo chake kikuu ni oksidi ya kromi, ina chembe za takriban nusu mikroni. Kwa hiyo ukitoka kwenye msasa wa P2000 na kwenda kwenye dawa ya kijani, umeshuka mara 20. Katika hesabu hiyo yote ngozi haimo. Ngozi ni kibebeo. Ngozi tupu, isiyopakwa chochote, inaweza kuyumbisha mkunjo hadi ukatike, na karatasi tupu ya gazeti iliyolazwa juu ya kioo inaweza vilevile. Lakini chuma kigumu kilichopitishwa motoni hakisuguliwi na ngozi ya ng'ombe. Kinasuguliwa na zile chembe.

Basi imani hii ilitoka wapi? Ilitoka kwa kinyozi. Wembe wa zamani, ule unaokunjwa ndani ya mpini, ulihitaji ukanda wa ngozi, na kwa wembe huo ngozi ilifaa kweli. Lakini angalia umbo lake. Wembe una mgongo mnene na makali membamba, nao hulazwa bapa juu ya ukanda, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja. Mgongo wenyewe ndio unaoshikilia pembe, kwa hiyo mkono wa kinyozi hauwezi kuikosea. Hata hivyo kanda nyingi za vinyozi zilikuwa mbili kwa pamoja, moja ya ngozi na nyingine ya turubai au kitani. Kinyozi mwenyewe hakuitegemea ngozi peke yake. Patasi haina mgongo wa namna hiyo. Ina mshazari wa nyuzi 25 au 30 unaoshikiliwa kwa mkono, na upande wa pili ambao lazima ubaki bapa kabisa. Mtu aliyechukua ukanda wa kinyozi akauleta kwenye meza ya seremala bila kulifikiria umbo la chombo ndiye aliyetuletea tatizo hili.

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo, na naomba fundi anisome taratibu. Ngozi nzuri ya unene wa milimita 3 hubonyea. Watetezi wake husifu jambo hilohilo: wanasema ngozi inajinyumbulisha na kuifuata ncha. Ni kweli inaifuata, na hilo ndilo kosa lake. Unapoikandamiza patasi na kuivuta, chuma huzama kidogo, na ngozi iliyo nyuma ya ncha huinuka na kuizunguka ncha yenyewe. Kwa hiyo chembe za dawa haziusugui mshazari kwa nyuzi 30 ulizozinoa jiweni. Zinaisugua ncha kwa pembe kubwa zaidi. Siku ya kwanza huoni kitu, kwa kuwa chuma kinang'aa na unywele wa mkononi unanyolewa. Baada ya wiki kadhaa za kupiga ngozi bila kurudi jiweni, ncha iliyokuwa kali imekuwa ya mviringo, na pembe yake halisi imepanda. Patasi inang'aa kuliko zamani, nayo inahitaji nyundo nzito kuliko zamani.

Upande bapa ndio unaoumia zaidi. Fundi anapochonga kitanda cha bawaba kwenye fremu ya mlango, huulaza ule upande bapa juu ya mbao na kuusukuma mbele. Upande huo ndio reli yake. Ukishaviringwa na ngozi hata kwa kiasi cha unene wa unywele, patasi haianzi kukata hadi uinue mpini, na ukiuinua inazama ghafla. Nilimtazama kijana mmoja hapa Kericho akifanya kazi hiyo kwenye mlango wa grevilia. Patasi yake ilikuwa na mng'ao wa kioo, na ukanda wake wa ngozi ulining'inia ukutani. Kila alipoisukuma, iliteleza juu ya mbao bila kuuma, kisha ikachimba shimo. Tuliulaza upande bapa juu ya kipande cha kioo cha dirisha na kuutazama kwa kuuelekeza kwenye mwanga. Karibu na ncha palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga unaopita kati ya chuma na kioo. Mstari ule ulikuwa kazi ya ngozi. Ilibidi aurudishe upande mzima kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo hadi mwanga ulipotoweka, na hiyo ni kazi ya jasho ambayo hakuna video inayoionyesha.

Watetezi wa ngozi hujibu kwamba aliikandamiza mno, au kwamba ngozi yake haikuwa nzuri. Hapo wanakaribia ukweli bila kuufikia. Iwapo ngozi inafaa tu ikiwa nyembamba, ngumu, imegandishwa juu ya ubao ulionyooka, na ikitumiwa kwa mkono mwepesi, basi kinachosifiwa ni ule ubao. Ngozi ikizidi kukaribia ugumu wa mbao ndipo inapozidi kufaa. Kwa nini tusiende kwenye mbao moja kwa moja?

Nao ugumu wa kupata ngozi hiyo nzuri katika nchi yetu ni mkubwa. Ngozi nyingi inayotengenezwa viwandani Kenya hutengenezwa kwa kromi, na sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa haijakamilika, ile ya rangi ya buluu, ikakamilishwe kwingineko. Inayobaki madukani ni ngozi laini ya viatu na mikoba, yenye kunyumbuka, na mara nyingi imepakwa rangi ya kiwandani ambayo dawa haishiki juu yake. Ngozi inayotakiwa kwa kunoa ni ile ngumu iliyotengenezwa kwa maganda ya miti. Inauma kulisema hili katika nchi ya wafugaji, na hasa huku Bonde la Ufa, ambako miwati ilipandwa kwa miongo mingi kwa ajili ya gome lake na Eldoret ikawa na kiwanda kizima cha kulikamua gome hilo kwa ajili ya watengeneza ngozi. Mti wa kutengenezea ngozi tunao, ng'ombe tunao, lakini ukanda wa kunolea unatoka ng'ambo. Wanaotuambia tuununue wanasema ni kwa faida ya kazi yetu, lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kama siku moja viwanda vyetu vitaiuza ngozi ya gome kwa bei ya fundi, nitafurahi kwa ajili ya mfugaji na mshona viatu. Patasi yangu itaendelea kwenda kwenye ubao.

Halafu kuna mvua. Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Kenya, zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, na mvua hiyo huja karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri, mara nyingine ikiwa ya mawe. Chai inaipenda. Ngozi haiipendi. Karakana zetu nyingi zina kuta za mabati au za mabanzi, na hewa ya ndani ina unyevu kuanzia asubuhi. Ngozi iliyoning'inizwa ukutani humo huota kuvu, hulegea, kisha ikikaushwa karibu na jiko hukakamaa na kujikunja. Ukiipaka mafuta ili isikakamae, inazidi kuwa laini, na tumeshaona ulaini unavyoiharibu ncha. Karatasi ikilowa unaichana na kugandisha nyingine. Ubao ukivimba unaupiga randa mara mbili na kuendelea.

Sasa nieleze kinachofaa, na nianze na kile kilicho karibu zaidi na maisha ya huku. Chai inayotoka kwenye viwanda vyetu kwenda Mombasa hufungwa katika magunia ya karatasi ngumu ya kahawia yenye matabaka kadhaa. Karatasi hiyohiyo ndiyo ya mifuko ya simiti, na hakuna soko Kericho au Bomet ambako huwezi kuipata bila kulipa. Chukua mfuko uliokwisha kutumika, utenganishe matabaka, na uchukue la katikati ambalo halijagusa simiti, kwa kuwa punje moja ya mchanga itaharibu kila kitu. Lipake uji mzito wa unga wa ngano, uligandishe juu ya kipande cha kioo kinene au ubao ulionyooka, ulisugue kwa kitambaa hadi viputo vyote vitoke, kisha uache likauke usiku kucha. Asubuhi lisugue kwa mche wa kijani, kidogo tu, mpaka karatasi iwe na rangi hafifu. Ukilipaka kwa wingi, dawa itajikusanya kwenye mabonge na kuiinua patasi.

Ulaze mshazari hadi uhisi umekaa, inua mpini kiasi kidogo ili ncha iguse, kisha ivute patasi kuja kwako. Usiisukume mbele, maana itaichana karatasi. Mara 10 zinatosha. Upande wa pili ulaze bapa kabisa na uvute mara mbili tatu. Utaona mistari myeusi ikitokea kwenye karatasi. Weusi huo ni chuma kilichotoka kwenye patasi yako, nao ndio ushahidi kwamba kazi imefanyika na kwamba hakuna ngozi iliyohitajika. Karatasi ikijaa weusi, ichane na ugandishe nyingine.

Asiyetaka kugandisha karatasi atumie mbao yenyewe. Saiprasi ndiyo bora kati ya tulizo nazo: ni laini kiasi cha kuzishika chembe za dawa, ni tulivu, haijipindi ovyo, na haina utomvu mwingi unaonata kama msonobari. Tafuta kipande kisicho na fundo, kikavu, kipana kuliko patasi yako pana kuliko zote, ukipige randa hadi rula isipitishe mwanga chini yake. Paka dawa moja kwa moja juu ya mbao, ongeza tone la mafuta ya cherehani, na kifaa chako kiko tayari. Kikichakaa, kipige randa tena. Mkaratusi usiutumie kwa kazi hii, kwa kuwa hujipinda na ni mgumu mno kuzikamata chembe. Grevilia inafaa kiasi, ila nyuzi zake hazilingani. Kuhusu MDF, watengeneza makabati hutupa vipande vyake kila siku. Uso wake umenyooshwa kiwandani na ni bapa kuliko chochote ambacho mkono unaweza kukitengeneza. Udhaifu wake ni maji. Ukilowa, umekwisha.

Wapo wanaotumia kitambaa cha jinzi kilichogandishwa kwenye ubao. Kwa kisu cha jikoni au kisu cha kupogolea chai kinafaa. Kwa patasi kina kasoro ileile ya ngozi, hubonyea, na sitaisifu jinzi kwa sababu tu si ngozi. Wazee wengine hupitisha patasi kwenye kiganja cha mkono. Inauondoa mkunjo, nakubali, lakini sitamwambia mwanafunzi yeyote afanye hivyo; mkono wa fundi ndio mtaji wake.

Mchongaji wa nakshi atasema kwamba patasi zake zina vinywa vya duara, na ubao bapa hauzifai, hivyo yeye hana budi kutumia ngozi. Huyu namjibu kwa furaha, kwa sababu mbao inamfaa kuliko mtu mwingine yeyote. Achukue kipande laini cha saiprasi na patasi yake ileile ya duara, ikiwa imenolewa, achonge mfereji kwa kufuata nyuzi za mbao. Mfereji huo utakuwa na umbo kamili la patasi hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyouchonga. Apake dawa ndani yake, na aivute patasi humo. Kwa upande wa ndani wa duara, azungushe ukingo wa ubao kwa randa na msasa hadi ulingane na patasi. Kila patasi ipate mfereji wake katika ubao mmoja. Hakuna ngozi inayoweza kukunjwa ikapata ulinganifu wa namna hiyo.

Kuhusu dawa, mche wa kijani ndio bora, na mche mmoja mdogo hukaa muda mrefu sana hata kwa fundi anayenoa kila siku. Ukiukosa, Brasso ya kung'arishia shaba inafanya kazi juu ya ubao, ingawa polepole. Hata dawa ya meno ina chembe za silika au chokaa na inaweza kukuokoa siku moja, ila ina maji, kwa hiyo ifute patasi mara moja na uipake mafuta kabla kutu haijaanza. Nataka pia mafundi wakumbuke tulicho nacho njiani kuelekea Nairobi. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mlima mweupe wa daiatomaiti, mabaki ya viumbe wadogo wa ziwa la kale, na mwamba huo ni silika laini ambayo duniani kote imetumika katika dawa za kung'arisha metali. Ukipondwa, ukakorogwa na maji, punje nzito zikaachwa zitulie chini na maji yenye unga mwepesi yakamiminwa na kukaushwa, unapata unga mwororo unaosugua chuma taratibu. Ufanyie kazi ukiwa umelowa. Vumbi lake likiwa kavu halifai kuvutwa puani. Kosa la kuepuka ni kuchukua unga wa mawe ya Tabaka kule Kisii kwa kudhani kila unga mweupe ni dawa. Jiwe lile ni laini mno, ndiyo maana wachongaji hulichonga kwa kisu. Haliwezi kukisugua chuma hata ulisugulie mwaka mzima.

Najua watakaonitajia Paul Sellers, mwalimu wa useremala wa Uingereza ambaye video zake zimewafikia vijana wengi hata huku, na ambaye huivuta patasi mara 30 hivi juu ya ngozi yenye dawa ya kijani. Namheshimu, kwa kuwa amewafundisha watu wengi kunoa bila mashine. Lakini mtazame vizuri. Ngozi yake ameigandisha juu ya ubao, na mshazari wa patasi zake huuacha na mbinuko kwa makusudi, hivyo njia yake nzima imepangwa kuendana na kifaa hicho. Anayechukua ngozi peke yake na kuiacha ile njia hajamfuata Sellers. Kwa upande mwingine, maseremala wa Japani, ambao wana mashindano ya randa ambamo unene wa maranda hupimwa kwa mikroni, humalizia makali yao kwenye mawe laini sana ya maji. Hawahitaji ngozi kufika huko. Ikiwa makali bora duniani yanapatikana bila ngozi, dai kwamba bila ngozi hakuna makali limeanguka.

Hoja ya mwisho wanayoileta ni ya kudumu: ngozi hukaa miaka, karatasi hukaa siku chache. Mimi naiona hiyo kuwa sifa ya karatasi. Ngozi inayodumu miaka hudumu na kila punje ya mchanga iliyoangukia juu yake, na karakana ya huku, yenye sakafu ya udongo na upepo wa barabarani, haikosi mchanga. Uso unaobadilishwa mara kwa mara ni uso safi.

Tena tunasahau kwamba nchi hii ya chai inayajua makali kwa njia nyingine kabisa. Michai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na mpogoaji anajua kwamba kisu butu hupasua tawi badala ya kulikata, na jeraha lililopasuka ni mlango wa magonjwa ya kuozesha shina. Anakinoa kisu chake mbele ya mchai kwa jiwe lililo mfukoni. Ndani ya viwanda, meno ya rola zinazosaga majani hurudishwa makali kwa mashine kwa ratiba, kwa sababu rola butu huharibu chai. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimamisha kazi akingoja ukanda wa ngozi.

Kipimo cha makali nacho tukirekebishe. Kunyoa unywele wa mkononi hakumsaidii seremala, kwa sababu hata ncha iliyoviringwa kidogo hunyoa. Chukua kipande cha saiprasi, ukikamate kwenye jiriwa, na uchonge kichwa chake, pale msumeno ulipokata kukingama nyuzi. Sehemu laini za pete za saiprasi hupondeka chini ya patasi butu na kuacha vidoa vyeupe vya unga. Chini ya patasi kali hukatika na kung'aa, na ukipitisha kidole unahisi ulaini wa nta. Mbao yenyewe inakupa jibu ambalo muuza kanda hawezi kulibadilisha.

Ombi langu nalielekeza kwa walimu wa useremala katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti zetu mbili, na katika taasisi kama Bureti na Sot. Msiiweke ngozi kwenye orodha ya vifaa ambavyo mzazi lazima anunue. Mzazi huyo anauza majani mabichi kwa kilo, na anajua kila shilingi ilikotoka. Watahini wa majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, nao wapime kazi kwa kichwa cha ubao kilichochongwa, wala wasiangalie kinachoning'inia ukutani. Na mwanafunzi atakayeanza muhula ujao apewe jiwe la kunolea, ubao wa saiprasi alioupiga randa mwenyewe, na kipande cha mche wa kijani. Vitu hivyo vitatu vinatosha.